Kabla Hujamimina Tangini: Jinsi ya Kupima Mabaki ya Dawa Kwenye Maziwa

Watengenezaji wengi wa mtindi huiona dalili kabla ya kujua chanzo chake. Maziwa yamechemshwa vizuri na kupozwa, chachu ni ile ile iliyogandisha jana, joto ni lile lile, lakini mchana unafika na chombo kizima bado ni maji maji. Lawama humwangukia aliyeweka chachu, au chachu yenyewe humwagwa ikatafutwa nyingine. Si mara chache kosa limo ndani ya maziwa. Ng'ombe alitibiwa kwa antibiotiki siku moja au mbili zilizopita, dawa ikapita kwenye damu hadi kwenye kiwele, ikakamuliwa pamoja na maziwa, na sasa inawaua bakteria wa chachu kama ilivyowaua wale wa ugonjwa.

Nakuandikia wewe uliye kwenye kituo cha kukusanyia maziwa: mpokea maziwa, meneja wa ushirika, au mwenye kiwanda kidogo cha mtindi cha chumba kimoja. Nyama na mayai nitayagusa pia, lakini maziwa ndiyo yanayochanganywa kuliko chakula kingine chochote cha mifugo. Maziwa ya nyumba themanini huingia katika tangi moja, na mtu mmoja anayesimama mbele ya tangi hilo ndiye wa mwisho mwenye nafasi ya kuzuia. Mtu huyo ni wewe.

Gramu moja na malori ishirini na matano

Tume ya Codex Alimentarius, chombo cha FAO na WHO kilichoanzishwa mwaka 1963, ndiyo inayopendekeza kikomo cha mabaki ya dawa za mifugo katika chakula. Kwa penisilini ya kawaida ya sindano, kikomo katika maziwa ni mikrogramu 4 kwa kilo. Kwa oksitetrasaiklini ni mikrogramu 100 kwa lita, na kwa streptomaisini ni 200. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi ya ng'ombe, EAS 67, nacho kinadai mabaki ya dawa yasivuke mpaka.

Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe. Gramu moja ya penisilini inatosha kuzifikisha lita 250,000 za maziwa kwenye kikomo. Hayo ni malori 25 yenye matangi ya lita 10,000 kila moja. Ndiyo maana yule anayesema "yakichanganyika na ya wenzangu yatapotea" anajidanganya. Chukua ng'ombe anayetoa lita 8 asubuhi, na kila lita ina mikrogramu 1,000 za penisilini, kiasi ambacho hufikiwa bila shida katika mkamuo wa kwanza baada ya dawa ya kuingizwa kwenye chuchu. Zidisha, kisha gawa kwa 4. Utahitaji kuyachanganya mpaka yafike lita 2,000 ndipo yarudi kwenye kikomo, na vituo vingi vya vijijini havikusanyi lita 2,000 kwa siku. Ng'ombe mmoja ametosha.

Imani ya pili inayotuumiza ni kwamba moto unamaliza kila kitu. Kuchemsha huua bakteria, nako ni lazima, lakini dawa ni kitu kingine. Penisilini hupungua kidogo tu kwa kuchemshwa, na streptomaisini karibu haiguswi. Mama anayemchemshia mtoto maziwa kwa uangalifu wote amemkinga na kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa kutupa mimba unaoambukiza watu. Dawa iliyomo hajaiondoa, na hana njia ya kuiondoa jikoni.

Madhara yake ni ya aina tatu. Wapo watu wenye mzio wa penisilini, na kwa baadhi yao hata kiasi kidogo huleta vipele, uvimbe au tatizo kubwa zaidi. Ipo hasara ya kiwanda: mtindi, yogati na jibini vyote hutegemea bakteria hai. Na upo usugu. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 kwamba dozi ndogo isiyoua huwapa vimelea nafasi ya kuizoea dawa. Nionavyo mimi, mabaki ndani ya maziwa ni ushahidi wa jambo kubwa zaidi lililotokea zizini: dawa ilitumika bila hesabu, pengine bila ugonjwa kujulikana. Ukikamata mabaki umekamata pia matumizi hayo, na hapo ndipo faida kubwa ya kupima ilipo.

Swali kabla ya kipimo

Laktomita inakuonyesha maji yaliyoongezwa. Kipimo cha alkoholi kinakuonyesha maziwa yaliyoanza kuchacha. Pua yako inajua mengi kuliko vyote viwili. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoiona dawa. Maziwa yenye penisilini ni meupe, yana harufu nzuri, na mara nyingine hukaa bila kuharibika kuliko ya jirani, kwa sababu bakteria wake wamezuiwa. Basi anza kwa kuuliza, na uulize kila siku, kila mtu, bila kuchagua, ili swali lisigeuke kuwa tuhuma.

"Shikamoo mama. Kuna ng'ombe aliyechomwa sindano au kuwekewa dawa ya kiwele nyumbani?" Inatosha. Ila kumbuka kwamba anayeleta dumu mara nyingi siye aliyekamua, wala siye aliyekuwepo mtaalamu wa mifugo alipofika. Ni mtoto anayewahi shule, au kijana wa bodaboda aliyebeba madumu ya nyumba sita. Ukimuuliza, atakujibu "hakuna" kwa nia njema kabisa. Dawa ya hilo ni kadi ndogo inayosafiri na dumu, yenye jina la mfugaji na sehemu moja tu ya kujaza: ng'ombe aliyetibiwa na tarehe maziwa yake yatakaporuhusiwa. Kadi tupu maana yake hakuna matibabu. Kadi isiyokuja, piga simu.

Vituo hupenda kununua vifaa kwanza na kuuliza maswali baadaye, na huo ni mpangilio unaokula fedha. Swali halina gharama, na pale wafugaji wanapokuamini, litakuzuilia maziwa mabaya mengi zaidi kuliko kifaa chochote.

Sampuli

Kipimo kizuri juu ya sampuli mbovu ni kazi bure. Koroga maziwa ndani ya keni kutoka chini kwenda juu kabla ya kuchota, kwa sababu mafuta hupanda. Tumia kijiko cha kuchotea kilichosuuzwa kwa maji safi, kisicho na povu la sabuni wala dawa ya kusafishia vyombo, maana sabuni nayo huzuia bakteria na itakuletea jibu la uongo. Kwa kila mfugaji chota mililita 20 au 30 katika kichupa chenye namba yake na tarehe, uweke kwenye barafu au friji. Usizitupe sampuli hizo mpaka tangi la siku hiyo lipokewe kiwandani na kukubaliwa. Tangi likikataliwa, vichupa hivyo pekee ndivyo vitakavyokuambia ni nani, na vitawaondolea lawama wengine wote.

Hakuna kituo kidogo chenye uwezo wa kumpima kila mfugaji kila siku. Njia inayotumika ni kuchanganya sampuli za wafugaji kadhaa, kupima mchanganyiko, na kurudi kwa mmoja mmoja pale tu mchanganyiko unapoonyesha dawa. Ni njia nzuri, ila ina mtego wake. Tuseme kifaa chako kinaona penisilini kuanzia mikrogramu 4. Ukichanganya sampuli tano, maziwa yenye mikrogramu 20 hushuka hadi 4 na bado yataonekana, lakini yenye 10 yatashuka hadi 2 na kupita. Ukichanganya kumi, hata yenye 30 yatapita. Kwa hiyo usivuke tano, na ubadilishe makundi kila wiki ili asiwepo mtu anayejificha daima nyuma ya majirani wale wale.

Chachu kama kipimo

Kama huna kifaa chochote, unacho kile kile kilichoharibikiwa mwanzoni: chachu ya yogati. Bakteria wake ni wepesi mno kudhurika na penisilini, na hilo linawafanya kuwa walinzi wazuri.

Tafuta vyombo vitatu vya glasi vya mililita 100 hivi. Cha kwanza weka maziwa unayoyashuku. Cha pili weka maziwa unayojua ni safi, ya ng'ombe ambaye hajapata dawa yoyote kwa miezi miwili au zaidi. Cha tatu weka maziwa hayo hayo safi uliyochanganya na maziwa ya ng'ombe aliye katikati ya matibabu ya kiwele kwa penisilini, sehemu moja kwa kumi. Watu hukiruka chombo hiki cha tatu wakiona ni usumbufu. Usikiruke, kwani bila hicho huna njia ya kujua kama chachu yako ya leo inaiona dawa au la.

Vipashe moto vyote vitatu katika sufuria ya maji hadi karibu nyuzi 90 kwa dakika kumi, kisha vipoze hadi nyuzi 43 au 45. Joto hilo la kwanza lina kazi muhimu: linaharibu vizuizi vya asili ambavyo ng'ombe mwenyewe huviweka kwenye maziwa, hasa katika dang'a na katika maziwa ya kiwele kinachougua, ambavyo vingeweza kukudanganya. Weka chachu hai na changa, mililita 2 kwa kila 100, koroga, kisha tunza joto. Inkubeta si lazima. Boksi la kupozea lenye maji ya nyuzi 45 na kipima joto ndani yake linafaa, na kwa sampuli moja moja hata chupa za chai za ukubwa sawa zitafanya kazi.

Tazama baada ya saa tatu, halafu saa nne. Kile safi kikiwa kimeshika na cha dawa bado ni maji, kipimo chako kimefanya kazi, na sasa una haki ya kukisoma kile cha kwanza. Kikigoma kuganda au kikichelewa waziwazi, yashuku maziwa hayo. Karatasi za kupimia asidi zitakusaidia pale macho yanaposita: maziwa yanayoganda kwa haki hushuka chini ya pH 5, na yenye dawa hubaki karibu na yalipoanzia.

Sasa mipaka yake, nayo ni mipana. Chachu inaiona penisilini na ndugu zake. Dawa za salfa, streptomaisini na nyingine kadhaa huzivumilia kwa kiasi kikubwa kuliko kikomo cha sheria. Jibu la "maziwa yameganda" halimaanishi kwamba maziwa ni safi. Vilevile maziwa yaliyotiwa kemikali ya kuzuia kuchacha, kama haidrojeni peroksaidi, yanaweza kugoma kuganda bila antibiotiki yoyote. Na jibu huja saa nne baadaye, wakati lori limeshaondoka. Kipimo hiki kinamfaa mwenye kiwanda cha mtindi anayetaka kujua mfugaji yupi amchunguze, na kituo kinachotaka kupitia wafugaji wake mmoja mmoja polepole. Langoni hakiwezi kusimama peke yake.

Vijiti na vichupa

Langoni panahitaji vijiti. Hutumbukizwa katika maziwa kidogo yaliyochanganywa na kemikali yake, na baada ya dakika tano hadi kumi, kulingana na aina, mistari hujitokeza. Kwa umbo vinafanana na kipimo cha ujauzito, na mfanano huo umewapoteza wapokea maziwa wengi, kwa sababu usomaji wake ni kinyume. Katika kipimo cha ujauzito mstari ukitokea kitu kipo. Hapa mstari wa dawa ukitokea kwa nguvu, maziwa ni safi. Ukififia kuliko mstari wa kulinganishia, au usipotokea kabisa, dawa ipo. Mstari wa kulinganishia wenyewe usipoonekana, kijiti kimeharibika na jibu halihesabiki. Liandike hilo kwa kalamu nene, ulibandike ukutani juu ya meza ya kupimia.

Kabla ya kununua uliza kijiti kinaona kundi gani. Vijiti vya bei ya chini mara nyingi huona kundi la penisilini peke yake. Kwa nchi nyingine hilo lingetosha, lakini katika nchi zetu dawa za kundi la tetrasaiklini ndizo zinazotumika zaidi kwa mifugo. Ng'ombe wa ndigana kali hupewa buparvakwoni na mara nyingi oksitetrasaiklini pamoja nayo, na hata mwenye homa isiyojulikana huchomwa hiyo hiyo. Kituo chenye vijiti vya penisilini tu kitapita mwaka mzima kikiandika "safi" huku maziwa yakibeba oksitetrasaiklini. Ukiweza, nunua vijiti vinavyoona makundi mawili kwa pamoja. Fedha zikiwa chache, gawanya: penisilini kila siku, tetrasaiklini siku mbili au tatu kwa wiki, kwa siku zisizotabirika.

Vijiti vingi huhitaji kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na kufikia joto la chumba kabla ya kufunguliwa. Umeme ukikatika usiku kucha, vipime kwanza kwa maziwa safi na kwa maziwa yenye dawa kabla ya kuviamini. Fanya hivyo pia kila unapofungua boksi jipya.

Kuna njia ya tatu, polepole kuliko vijiti na pana kuliko chachu. Ni vichupa vidogo vyenye jeli ndani yake, na ndani ya jeli mna mbegu za bakteria anayependa joto kali, Geobacillus stearothermophilus, pamoja na rangi inayobadilika kwa asidi. Delvotest ndicho kinachojulikana zaidi. Unaweka sehemu moja ya kumi ya mililita ya maziwa, unapasha kichupa nyuzi 64, unasubiri kati ya saa mbili na nusu na tatu. Bakteria akikua hutoa asidi, na zambarau hugeuka njano: maziwa ni safi. Rangi ikibaki zambarau, kuna kinachomzuia. Ugumu uko kwenye saa. Ukiondoa mapema, hata maziwa safi yataonekana mabaya. Ukichelewa, yenye dawa kidogo yatageuka njano na kukudanganya. Kila mara weka kichupa cha maziwa safi pembeni, na kikishageuka njano kabisa, hapo hapo soma vyote. Vichupa hivi vinafaa kwa zile sampuli ulizozitunza, alasiri, shughuli za langoni zikishatulia.

Kipimo kikisema kuna dawa

Usimwage, usipige kelele, usimwite mtu mwizi mbele ya foleni. Weka keni pembeni, yafunike maziwa, rudia kipimo kwa kijiti kipya kutoka sampuli ile ile. Jibu likirudi vilevile, fungua vichupa vya kundi lile na upime mmoja mmoja. Ukimpata, mpigie simu saa hiyo hiyo, kwa sababu mkamuo wa jioni bado haujafika, nao utakuwa na dawa pia.

Muulize mambo matatu: ng'ombe yupi, dawa gani, lini. Majibu huonyesha mengi. Mmoja aliambiwa dukani dawa haina siku za kusubiri. Mwingine alisubiri maziwa ya chuchu iliyowekewa dawa peke yake na kuendelea kuuza ya chuchu tatu zilizobaki, bila kujua kwamba dawa hupita kwenye damu na kufika kote. Wa tatu alitumia mrija wa dawa ya kiwele ya ng'ombe aliyekaushwa kwa ng'ombe anayekamuliwa, na mrija huo umetengenezwa ukae wiki nyingi. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekusudia kuwalisha watu dawa.

Maziwa yaliyothibitika yatie rangi ya chakula ili yasirudi sokoni kwa mlango mwingine. Hili si la nadharia: maziwa yaliyokataliwa kituoni saa moja asubuhi huuzwa mtaani saa mbili. Usiyamwage mtoni wala karibu na kisima. Chimba shimo mbali na maji, au yachanganye na samadi inayooza. Kuwapa ndama ni desturi ya wengi, nami siiungi mkono, kwa sababu tumbo la ndama hugeuka kitalu cha vimelea sugu ndani ya zizi hilo hilo.

Vijiti na vichupa huchuja tu, havitoi hukumu. Jambo likifika kwenye kesi au kufukuza mwanachama, sampuli iliyogandishwa iende maabara yenye mashine za kromatografia zinazotaja dawa kwa jina na kiasi chake. Tanzania, anza na Wakala ya Maabara ya Veterinari (TVLA) au Shirika la Viwango (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Kenya, anza na Kurugenzi ya Huduma za Mifugo yenye maabara Kabete, au Bodi ya Maziwa.

Nyumbani kwa mfugaji

Ukimtembelea mfugaji, nenda na vitu viwili: daftari na utepe mwekundu. Utepe hufungwa mguuni mwa ng'ombe siku ya kwanza ya matibabu, ili yeyote atakayekamua, awe mtoto au kibarua mgeni, ajue. Ng'ombe huyo akamuliwe mwisho, kwa ndoo yake. Kwenye daftari andikeni tarehe, ng'ombe, dawa, aliyemtibu, na siku maziwa yatakaporuhusiwa.

Siku hiyo huhesabiwa kutoka dozi ya mwisho, wala si ya kwanza. Kama mrija wa mwisho uliwekwa Jumatatu saa kumi na mbili jioni na lebo inasema saa 72, maziwa ya Alhamisi jioni bado yako ukingoni. Anza kupokea ya Ijumaa asubuhi. Dozi ikiongezwa maradufu, kama wengi wanavyofanya ng'ombe akichelewa kupona, namba ya kwenye lebo haifanyi kazi tena na mtaalamu wa mifugo ndiye wa kuulizwa. Someni lebo pamoja kwa sauti, kwa sababu ina namba mbili, ya maziwa na ya nyama, na ya nyama huwa ndefu zaidi. Baadhi ya dawa za sindano za kukaa muda mrefu mwilini zimeandikwa kabisa kwamba zisitumike kwa ng'ombe wa maziwa.

Namba ile ya nyama ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ng'ombe asiyepona ndiye anayeuzwa haraka kwa mchinjaji. Machinjioni, figo ndiyo ya kupimwa kwanza, maana mabaki hujikusanya huko na kwenye ini kuliko kwenye mnofu. Codex yenyewe inaruhusu oksitetrasaiklini mikrogramu 200 kwa kilo ya mnofu, lakini 600 kwenye ini na 1,200 kwenye figo. Figo isiyo na dawa huleta matumaini juu ya mnofu. Figo yenye dawa inadai mnofu upimwe.

Kwa mayai, kiini hujengeka kwa siku kumi hivi kabla yai halijatagwa, kwa hiyo dawa ya leo inaweza kutoka na yai la wiki ijayo. Kuna pia unga wa kuongeza mayai unaouzwa kama vitamini. Soma viambato vyake, kwani baadhi yake vina oksitetrasaiklini, na mfugaji wa kuku anayeutumia kila siku anaamini kwa dhati kwamba hajawahi kuwapa kuku wake antibiotiki. Kloramfenikoli na dawa za kundi la nitrofurani haziwekewi kikomo chochote: hazipaswi kuwepo kabisa katika mnyama wa kuliwa, na vipimo vyake ni vya peke yake.

Makubaliano kabla ya vijiti

Nchini Marekani kila lori la maziwa hupimwa kundi la penisilini kabla ya kushushwa kiwandani, na lori lenye dawa humwagwa lote. Utaratibu huo unasimama kwa sababu kila mtu anajua mapema nani atalipa. Kwetu vituo vingi huanza kupima bila kuamua hilo, na siku ya kwanza tangi likikataliwa ushirika hugawanyika.

Amueni kwenye mkutano mkuu, muandike kwenye kanuni. Ushauri wangu ni kwamba anayesema mapema asipoteze kila kitu: ng'ombe wake mgonjwa anatengwa, maziwa ya ng'ombe wengine yanapokewa yakishapimwa, na mfuko wa ushirika unamfidia sehemu ya alichokosa. Fedha hiyo ni ndogo ukilinganisha na tangi moja lililomwagwa. Anayenyamaza na kubainika mara ya kwanza atembelewe nyumbani. Mara ya pili alipe. Mara ya tatu asimamishwe. Pasipo tofauti kati ya msema kweli na mficha, kila mfugaji mwenye akili atajifunza kuficha. Muuza dawa za mifugo naye aalikwe kwenye mkutano huo, akubali kuandika siku za kusubiri kwenye kila kifurushi anachouza, kwa Kiswahili na kwa namba kubwa.

Kisha pimeni mwezi mmoja bila adhabu yoyote. Majibu yasomwe kwenye mkutano bila majina: sampuli ngapi, ngapi zilikuwa na dawa, za kundi gani, kutoka njia ipi ya ukusanyaji. Orodha hiyo ndiyo itakayowaonyesha mnunue vijiti vya aina gani na vingapi, na mtaalamu wa mifugo aanzie ziara zake upande upi.